Mombasa ingali mji wa mwenye mfuko mdogo?

Msafiri wa Syokimau (mtoa mada)
Nauli ya treni ya Nairobi–Mombasa, daraja la kawaida, ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Baba, mama na watoto wawili wa miaka 3 hadi 11 (hao hulipa nusu) sasa wanatoa 9,000 kwenda na kurudi. Zamani ilikuwa 6,000. Hapo hamjalala wala hamjala. Swali langu: Mombasa ingali mji wa mwananchi wa kawaida, au tunaisifu kwa mazoea tu? Mwenye hesabu aje nayo, porojo tuziache.

Kibokoni
Nauli imepanda, sibishi. Ila nauli unailipa mara mbili, basi. Kinachommaliza mgeni ni kung'ang'ania hoteli ya ufuoni, tena Desemba. Lala kisiwani, mjini penyewe, au Bamburi ng'ambo ya barabara ya Malindi isiyo upande wa bahari, uone bei inavyoshuka.

Siku nzima mjini haina gharama kubwa. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi. Fort Jesus nenda saa mbili inapofunguliwa, kabla jua halijawaka: ni ngome ya Wareno, ilijengwa 1593 hadi 1596, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Beba kitambulisho, kwa sababu raia ana kiingilio chake na mgeni ana chake. Ukitoka, Mji wa Kale uko mlangoni, na kutembea vichochoroni hakuna anayekutoza. Jioni bustani ya Mama Ngina kando ya bahari: muhogo wa kuchoma uliopasuliwa katikati, ukapakwa pilipili na kukamuliwa ndimu ndani ya ule mpasuo, na dafu pembeni. Ukitaka kupanda chombo, feri ya Likoni kwa mtu wa miguu ni bure, nenda rudi hadi uchoke. Epuka tu asubuhi na jioni watu wanapokwenda na kutoka kazini, na kamera iache mfukoni.

Hesabu Kali
Kibokoni amepamba, lakini ameruka mambo matatu.

Kwanza, treni haikufikishi mjini. Inakushusha Miritini, bara, na madereva wa pale wanajua saa treni inapoingia. Ukiwa na mizigo na watoto wanaolia, unalipa unachoambiwa. Tembea hadi kwenye matatu za mjini, au mkipanda tuktuk ulizeni kabla ya kukaa: bei ni ya chombo kizima au ya kila kichwa? Ugomvi mwingi unaanzia hapo. Basi la usiku, kwa upande wake, hukufikisha mjini kwenyewe, kwa hiyo ukilinganisha nauli ya basi na ya treni, ongeza na hiyo safari ya pili.

Pili, nyumba za kupanga kwa siku. Bei unayoiona mara nyingi haina tokeni za umeme. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kikifanya kazi mfululizo hula karibu yuniti moja kwa saa. Kiwashe usiku kucha, muda wa saa nane, na uko kwenye yuniti nane. Uliza nani ananunua tokeni, au tafuta nyumba ya feni yenye madirisha pande mbili ili upepo upite.

Tatu, maji. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvi. Sabuni haitoi povu, na chai yake hainyweki. Nunua mtungi wa lita 20 siku ya kwanza. Wanaonunua chupa ndogo ndogo ndio hao mwishoni wanasema Mombasa ghali.

Mdigo wa Ukunda
Na bahari yenyewe? Watu wanatoka Nairobi hawajauliza maji, wanafika saa nne asubuhi wanakuta bahari imekwenda zake, wamebaki na mwamba na mwani. Kisha wanalaumu ufuo wa Diani.

Iko hivi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji hupanda sana na kutoka sana. Maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kama saa nne asubuhi. Wiki inayofuata, maji mafu, mambo hugeuka: asubuhi ndiyo hujaa, ila hayapandi sana wala hayatoki sana. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwenye siku moja tu ya kuogelea aangalie mwezi kabla ya kukata tiketi. Maji yakitoka vaa viatu, mwambani kuna miiba.

Majira nayo yana bei yake. Aprili na Mei ni masika: vyumba vitupu, mwenye nyumba anasikiliza. Kusi, upepo wa kutoka kusini, ikishika, bahari huchafuka na mwani hulala ufuoni. Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, maji mazuri, na bei za Krismasi unazijua.

Tanga Raha
Jamani, vukeni mpaka. Lungalunga–Horohoro, kisha Tanga ni kama kilomita 65 tu. Gesti za mjini bei poa, baiskeli kila kona, Mapango ya Amboni kama kilomita nane kutoka mjini, na Tongoni kuna magofu na makaburi ya nguzo. Mkenya ajue hili: kitambulisho kinachompeleka Uganda na Rwanda hakimpitishi Tanzania, inatakiwa pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Na kadi ya homa ya manjano ibebe. Amboni chukua tochi yako na vaa nguo usizozionea huruma, kuna mahali mtu anapita kwa kuinama.

Kibokoni
Waja leo waondoka leo, twajua. Lakini mtu akisema bahari ana maana ya mchanga mweupe, na Tanga mjini mchanga huo haupo.

Tanga Raha
Kweli, Tanga si mji wa ufuo. Ni wa kutembea na kula.

Mdigo wa Ukunda
Narudi kwenye mada, maana nauli imetupoteza. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Mchanga ni wako. Lakini unaufikiaje, ikiwa kilomita nzima ni kuta za hoteli na majumba? Vijia vya umma vikizibwa, mwenye mfuko mdogo anasukumwa kwenye fuo zilezile mbili tatu. Punguzeni nauli hadi 500, bado atafika akute geti.

Hesabu Kali
Hoja nzuri, ila usiichanganye. Kijia ni kazi ya kaunti, nauli ni ya serikali kuu. Mabehewa ya Mei na ya Desemba hayana sababu ya kuwa na bei moja. Wakishusha miezi ya masika, Mombasa inarudi kwa mwananchi bila kujenga kitu.

Mdigo wa Ukunda
Aje Mei, mvua inanyesha, watoto wako shule. Nani atapanda hiyo treni?

Msafiri wa Syokimau
Hapo ndipo penyewe. Likizo za shule na bei za juu zinagongana, na mwenye watoto hana wiki nyingine ya kuchagua. Kibokoni, mtu wa Agosti mwenye watoto wawili umwambie nini?

Kibokoni
Asiende ufuo wa umma wa Bamburi, ule wa Pirates, Jumapili; ni kichwa juu ya kichwa. Jumanne au Jumatano, maji yakiwa yanajaa, chakula kimepikwa nyumbani. Boya la kukodi apatane bei yake ya saa kabla mtoto hajalishika.