Dola ikipungua nguvu duniani, sisi tunaofuata mzigo China tushike sarafu gani?

MamaMikoba_Kkoo

Habari za humu ndani wakubwa. Nina duka la mikoba na viatu vya kike Kariakoo, mzigo nautoa Guangzhou. Mwenye kiwanda ananipa bei kwa yuan, mimi mkononi nina shilingi, na katikati hapo lazima nipite kwenye dola. Nanunua dola kwa shilingi, wakala anaigeuza kuwa yuan, na kila hatua kuna mtu anakata chake.

Mwaka 2023 dola ilipoadimika, benki ninayotumia ilinizungusha, njoo kesho, njoo keshokutwa, huku mwenye kiwanda anadai malipo ya kumalizia. Nikapunguza oda, na msimu wa Desemba ukapita rafu za duka zina nafasi. Kila mteja aliyetoka mikono mitupu nilimhesabu.

Sasa nikifungua simu ni video tu: dola inakufa, BRICS (Brazil, Urusi, India, China, Afrika Kusini na wenzao) wanaleta sarafu yao, nunueni dhahabu. Mume wangu ameshashawishika, anataka akiba yote tuiweke kwenye dhahabu. Naomba mwenye uelewa anieleze kwa lugha ya dukani, huu mfumo wa fedha wa dunia unaelekea wapi? Na je, itafika siku nimlipe Mchina kwa shilingi yangu bila kupitia kwa Mmarekani?

Mstaafu_Tanga

Binti yangu, sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia idara ya fedha za kigeni ya benki, tangu enzi za vibali, kabla sheria ya 1992 haijaruhusu maduka ya kubadilisha fedha. Nivumilie, nitaandika kirefu.

Dola kupungua ni jambo moja, dola kuondoka ni jambo jingine, na video hizo zinayachanganya. Kupungua ni kweli. Mwaka 1999 asilimia 71 hivi ya akiba ya fedha za kigeni ya benki kuu za dunia ilikuwa dola. Mwaka 2024 ilikuwa kama asilimia 58. Lakini fuatilia hiyo iliyotoka imekwenda wapi. Yuan ilikuwa na asilimia 2 na kidogo tu. Nyingi imetawanyika kwenye sarafu za nchi ndogo zaidi, kama vile dola za Kanada na Australia.

Dola ilikalishwa kwenye kiti Julai 1944 pale Bretton Woods, nchi 44 zikiwepo. Sarafu nyingine zilifungwa kwa dola, na dola ikafungwa kwa dhahabu, dola 35 kwa wakia moja. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Nixon akaifungua kamba hiyo ya dhahabu, na wako waliosema wakati ule kwamba dola imekwisha. Haikwisha, kwa sababu mwenye dola anapata mnunuzi saa yoyote, mji wowote, na anapata pa kuilaza kwenye hati fungani za serikali ya Marekani, yaani kuikopesha serikali hiyo kwa riba. China bado inadhibiti fedha inavyoingia na kutoka kwake. Benki kuu yenye mlima wa yuan haina uhuru huo. Na BRICS walikutana Kazan Oktoba 2024, wakatoka bila sarafu ya pamoja.

Kilichotikisa kweli ni Februari 2022. Marekani, Ulaya na wenzao walizuia akiba ya Benki Kuu ya Urusi, karibu dola bilioni 300. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu vita ile ya Urusi na Ukraine, lakini kila gavana alijiuliza kuhusu akiba yake mwenyewe. Ndiyo maana mwaka 2022, 2023 na 2024, benki kuu zilinunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kila mwaka. Hata yetu imo: tangu Oktoba 2024 wasafirishaji wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya Benki Kuu ya Tanzania, nayo inalipa kwa shilingi. Naliunga mkono jambo hilo kwa moyo wote. Ni akiba iliyotoka ardhini kwetu, na haihitaji ruhusa ya mtu.

Ila dhahabu ya Benki Kuu ni kinga ya nchi. Ya mumeo itakuwa mtaji uliotolewa kwenye biashara inayozunguka. Weka kidogo kama mnataka. Yote, hapana.

Sasa nikueleze kinachoniuma. Benki Kuu ya Marekani ina mikataba ya kudumu ya kubadilishana sarafu na benki kuu tano: ya Ulaya, Uingereza, Japani, Uswisi na Kanada. Dola ikiadimika, hao wanapewa. Machi 2020, korona ilipokausha masoko, iliongeza nyingine tisa kwa muda, kuanzia Australia na Brazil mpaka Singapore. Ya Afrika haikuwemo hata moja. Wengine tuliambiwa tulete hati fungani za Marekani, kama tunazo, ndipo tukopeshwe dola.

Mwaka uliofuata, Agosti 2021, IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, ikatoa SDR, ile akiba yake ya kuandikwa vitabuni, zenye thamani ya dola bilioni 650. Zikagawanywa kwa ukubwa wa hisa za kila nchi. Marekani, wanaochapa dola wenyewe, wakapata za dola bilioni 113 hivi. Afrika yote bilioni 33. Tanzania kama milioni 540. Aliyeshiba ndiye aliyepakuliwa kwanza, na hilo lilifanyika kwa mujibu wa kanuni, hakuna aliyevunja sheria.

Kwa hiyo watu wakibishana nani atairithi dola, mimi nauliza dirisha la dharura litakuwa wazi kwa nani. Yuan ikikaa kitini kesho na dirisha likabaki la wachache, wewe utaambiwa njoo keshokutwa vilevile.

Ufuta_Lindi

Shikamoo mzee, umesema ya moyoni kwangu. Dada MamaMikoba, mimi nanunua ufuta minadani huku kusini, kwa shilingi, stakabadhi ghalani. Mzigo wangu unakwenda China. Mnunuzi ni Mchina, na bei tunaandikiana kwa dola. Yaani Mchina anatafuta dola anilipe mimi, na wewe unatafuta dola umlipe Mchina mwingine. Tungekutana katikati, dola isingekuwa na kazi.

Lakini ukiniuliza leo kama nitapokea yuan, nitasita. Mkopo wangu wa msimu ni wa dola na meli inadai dola. Nikipokea yuan, hasara ya kubadilisha inahamia kwangu. Na kwa ujumla tunanunua China kuliko tunavyowauzia, mbali sana. Ufuta wote wa Lindi na Mtwara hautoshi kulipia mikoba, simu na pikipiki za nchi nzima.

Hesabu_NBO

Nawasalimu kutoka Nairobi. Sisi tumeonja. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, kwa sababu kila mtu aliogopa ile Eurobond, yaani deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Februari serikali ikakopa upya bilioni 1.5 kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10, hofu ikaisha, shilingi ikarudi kwenye 130 hivi. Bei ya unga wa ngano na mafuta ilipanda na kushuka kwa deni ambalo mwananchi hajawahi kuliona.

Mwaka 2025 mikopo ya China ya reli ya kisasa (SGR) ikahamishwa kutoka dola kwenda yuan, na riba ikapungua. Ni nafuu, sikatai. Ila chai na maua yetu hayatuletei yuan. Kila mwaka itabidi tuzitafute.

Mzee, na ile sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imeishia wapi?

Mstaafu_Tanga

Mwanangu, tulikuwa nayo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa shilingi 20 kwa pauni moja, na bodi yake ilikaa London kwa miaka mingi. Baba yangu, karani wa bandari hapa Tanga, alilipwa kwa hiyo mpaka 1966 kila nchi ilipotoa yake. Novemba 1967 Uingereza ikashusha pauni, na nchi zetu tatu zikakataa kushuka nayo. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka wazee walivyolizungumza kwa fahari.

Itifaki ya sarafu mpya ilitiwa saini Kampala Novemba 2013, ikalenga 2024, sasa inalenga 2031. Ningependa kuiona. Ila sarafu moja inahitaji bajeti zinazoaminiana, na hilo ni gumu kuliko kuchapa noti. Kwa sasa ningefurahi zaidi kuona malipo ya Mombasa na Tanga yakipita shilingi kwa shilingi kama kawaida.

Ufuta_Lindi, wazo lako la kukutana katikati ndilo ambalo benki inapaswa kulifanya. Kazi ya benki ni hiyo.

MamaMikoba_Kkoo

Asante mzee wangu, Mungu akupe umri. Mume wangu nimemsomea yote. Tumekubaliana dhahabu iwe pete na hereni za binti yetu, mtaji ubaki dukani. Na niseme, dola imenipungukia upande mmoja: fremu nilikuwa naandikiwa kodi kwa dola, lakini kanuni za Machi 2025 zilipokataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, sasa nalipa shilingi.

Je, nikifungua akaunti ya yuan hapa Dar nitapona?

Mstaafu_Tanga

Zipo benki zinazofungua. Lakini kabla ya kusaini uliza bei ya kuuziwa yuan, halafu siku hiyohiyo piga hesabu ya njia yako ya dola mpaka kwa wakala, pamoja na ada zote. Mara nyingi benki yenyewe inapitia dola kimyakimya na kukuandikia bei moja ya yuan, kwa hiyo gharama imo ndani hata kama huioni. Uliza pia malipo yanachukua siku ngapi kumfikia mwenye kiwanda, na kama wana yuan mkononi au wanaagiza. Jaribu na oda ndogo, kisha uje utuwekee hesabu hapa, Ufuta_Lindi naye azione.