Punda wangu ameumia mguu wa mbele, nimuuguze vipi?

KijanaLangoni:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina punda dume, mtulivu, ndiye anayetulisha mimi na mamangu. Juzi tulikuwa tunapandisha mawe ya matumbawe kutoka gatini, akateleza kwenye ngazi yenye maji, mguu wa mbele wa kushoto ukatumbukia mferejini. Hakuanguka, lakini tangu hapo anachechemea. Nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, pamevimba na pana moto. Ana mchubuko pia juu kidogo ya ukwato. Jirani ananiambia nimchome chuma cha moto, mwingine asema nimpeleke akaoge bahari. Na kuna fundi wa mtaa wa Mkomani, hapa Lamu, ananidai mzigo wa mawe wiki hii. Nifanyeje?

AmiMatondoni:
Wa alaykum salaam mwanangu. Pole, na pole kwa mnyama.

Usimchome. Nimekua nikiona punda wakichomwa miguu, na sijaona kano, ule ukamba unaoshika msuli na mfupa, iliyopona kwa moto. Unamwongezea kidonda, nzi wanakuja, funza wanafuata.

Leo hii waone wale wa kliniki ya punda, kituo kilichofunguliwa hapa Lamu mwaka 1987. Usingoje kesho kwa sababu ya huo mchubuko: punda na farasi hupatwa na pepopunda upesi mno, na kidonda kilichoingia maji ya mfereji ndiyo njia yake. Waulize juu ya sindano. Dawa ya maumivu pia itoke kwao. Usimpe vidonge vya binadamu vya dukani, vinaweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo.

Kabla hujatoka, mpapase. Weka kiganja juu ya ukwato wa mguu mbovu, kisha wa mguu mzima, ulinganishe. Kisha bonyeza taratibu pembeni mwa kifundo, nyuma kidogo, utafute mpigo wa damu. Ukwato ukiwa wa moto, mpigo unagonga kwa nguvu, na hataki kabisa kukanyaga, huenda ni usaha ndani ya ukwato, na huo daktari ataufungua kwa chini utoke. Hapo usihangaike na kano.

Kama moto uko nyuma ya mfupa, inua mguu, ukunje, upapase kano kwa kidole gumba na cha shahada. Kano nzima ni ngumu kama kamba ya jahazi iliyolowa, na kingo zake unazisikia wazi. Iliyoumia hunenepa, hulainika, kingo zinapotea. Mwangalie na masikio unapobinya. Punda hapigi kelele akiumwa, huvumilia hadi ukadhani hana kitu. Sikio likirudi nyuma au akivuta mguu, basi ndipo penyewe.

Siku hizi za mwanzo ni baridi tu. Nenda kwa wanaouza barafu ya samaki, isage, itie ndani ya kitambaa, umfunge dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu isiguse ngozi. Bahari ya mbele ya mji usimwingize na kidonda wazi, mifereji yetu yote inaishia mle. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita. Majivu na oili chafu ya injini, hapana.

Baada ya barafu, mfunge. Pamba nene kwanza, izunguke mguu sawasawa, ndipo bandeji juu yake. Bandeji tupu ikikazwa hukata kano ile ile unayoiuguza. Fungua kila siku utazame. Na ule mguu wa pili wa mbele ufunge vilevile, maana sasa ndio unaobeba uzito wote.

BintiShela:
Kaka, Ami amesema vizuri kuhusu mguu, nami naongeza la tumbo. Usimfungie peke yake. Kama ana mwenzake anayetembea naye, waweke pamoja, hata kama huyo mwenzake hana ugonjwa. Punda akitengwa hununa, akinuna hali, na asipokula mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu, ini likaharibika. Hilo linaua punda ambaye mguu wake ulikuwa unapona. Akipitisha siku bila kugusa chakula, mwite daktari hata usiku. Majani makavu yawepo muda wote, maji safi karibu na pale aliposimama asilazimike kuyafuata. Mahindi na pumba punguza, hafanyi kazi sasa, na wanga mwingi humletea ugonjwa wa kwato.

KijanaLangoni:
Shukran sana Ami, shukran dada. Nimetoka kliniki. Ukwato hauna moto, ni kano, na sindano amechomwa. Nimemleta punda jike wa mjomba akae naye uani, ameanza kula. Uvimbe ukishuka naweza kumrudisha kazini?

AmiMatondoni:
Alhamdulillahi. Lakini hapo ndipo wengi wanapowapoteza punda wao. Uvimbe unashuka mapema, kano ndani bado mbichi. Kano huchukua miezi. Akirudi kwenye mawe kwa sababu tu hachechemei tena, itakatika pale pale, na ya pili haiponi kama ya kwanza.

Daktari akikuruhusu, mtembeze kwa kamba, bila shogi la mizigo mgongoni, mahali tambarare na pagumu kiasi. Mchanga mwororo wa ufukweni uache, unaivuta kano. Anza na dakika chache asubuhi na jioni, ongeza kidogo kila wiki, na kila ukirudi mpapase. Moto ukirejea, rudi nyuma. Mzigo uje mwisho, na uje mwepesi: majani, ndoo ya maji. Saruji na mawe baadaye sana, na ngazi za gatini baadaye zaidi.

Huyo fundi mwambie ukweli leo. Kodi punda wa mtu mgawane pato la safari, wenye punda wasio na kazi wapo. Ukikosa, niandikie kwa faragha, nina mmoja hapa Matondoni.