Malimau manne yanasoma volti 3.7 lakini balbu haiwaki: kasoro iko wapi?

MwalimuMaabara
Habari wakuu. Jaribio ni betri ya matunda kwa wanafunzi wa miaka 12 na 13. Malimau manne yameungwa kwa mfululizo, kila moja lina msumari wa inchi 3 na kipande cha waya mnene wa shaba, umbali wa sm 2. Multimita inasoma volti 3.7, ila balbu ya tochi (volti 2.5, ampea 0.3) haioneshi hata wekundu. LED nyekundu (kitaa kidogo cha kielektroniki) inawaka kwa mbali, halafu dakika chache baadaye inazidi kufifia. Kuchomeka msumari na shaba nyingine kwenye limau lilelile hakuongezi volti. Tatizo ni malimau, misumari au uungaji?

WayaMbili
Uungaji uko sawa, Mwalimu. 3.7 ukigawa kwa 4 ni kama 0.93, na limau lenye zinki na shaba hutoa 0.9 hadi 1.0. Maana yake misumari yako kweli imepakwa zinki. Ingekuwa chuma kitupu ungepata karibu nusu volti tu kwa limau.

Kinachokosekana ni mkondo. Multimita ikiwa kwenye volti haivuti karibu umeme wowote, ndiyo maana namba inapendeza. Unganisha rezista (kifaa cha kuzuia mkondo) ya omu 1000 kwenye ncha mbili za limau moja, kisha pima volti juu ya rezista hiyo. Tuseme bila mzigo, yaani kabla ya kuunganisha rezista, ilikuwa 0.95 na sasa ni 0.38. Mkondo ni 0.38 ÷ 1000, yaani miliampea 0.38. Volti 0.57 zilizopotea zimeliwa ndani ya limau lenyewe, kwa hiyo ukinzani wa ndani ni 0.57 ÷ 0.00038 = omu 1500. Malimau manne kwa mfululizo ni omu 6000.

Sasa balbu yako inadai miliampea 300. Hata ukiunganisha ncha za malimau hayo moja kwa moja, hupati zaidi ya miliampea 0.6 hivi. Achana nayo kabisa. LED nyekundu inaanza kuwaka karibu volti 1.8, hivyo kwa malimau manne ya 0.95, yaani volti 3.8, inapata (3.8 − 1.8) ÷ 6000, kama miliampea 0.33. Hiyo inaonekana ukizima taa za chumba. Mguu mrefu wa LED uende upande wa shaba, maana ukigeuza haiwaki hata kidogo.

Kuhusu jozi ya pili ndani ya limau lilelile: zote zinaogelea kwenye maji yaleyale, kwa hiyo haziwezi kujumlishwa kama betri mbili. Kata limau vipande viwili vilivyotengana na utapata seli mbili, yaani betri ndogo mbili.

zinki_30
Naongeza upande wa kemia, kwa sababu wanafunzi wengi huondoka wakiamini umeme unatoka kwenye tunda. Hapana. Zinki ndiyo inayoliwa: kila atomu inaacha elektroni mbili na kuyeyuka kama ayoni, yaani chembe yenye chaji. Elektroni zinapita kwenye waya hadi kwenye shaba, na pale ayoni za hidrojeni za asidi zinazipokea na kuwa gesi. Limau kazi yake ni kuwa elektroliti, yaani kimiminika kinachopitisha ayoni. Na ile volti 1.10 ya vitabuni ni ya seli yenye salfati ya shaba, msiitafute kwenye limau.

Kufifia kwa LED kunatokana hasa na upande wa shaba. Vipovu vya hidrojeni vinaifunika na asidi iliyo karibu nayo inapungua. Chomoa shaba, ifute, ichomeke sehemu mpya ya limau, na mwanga utarudi kwa muda.

Kosa linaloharibu majaribio mengi ni kusugua kila kitu kwa msasa. Shaba sugua. Msumari usiuguse! Zinki iliyopakwa ni nyembamba, na ukiimaliza umebaki na chuma. Shaba chafu nayo ina ujanja wake: kutu yake nyeusi hupandisha volti kidogo mwanzoni, kisha zinashuka, na mtoto anadhani amegundua jambo.

MwalimuMaabara
Nimewaelewa. Bila kununua malimau ishirini, nipunguzeje huo ukinzani wa ndani? Na je, LED nyeupe itafaa?

WayaMbili
LED nyeupe au ya bluu inahitaji karibu volti 3, kwa hiyo kwa malimau manne inabakiwa na ziada ndogo mno. Baki na nyekundu. Au tafuta saa ndogo ya kidijitali inayotumia betri moja ya volti 1.5. Hiyo inakula mkondo kidogo sana, malimau mawili yanaiendesha.

Kupunguza ukinzani: viringisha limau mezani kwa kulikandamiza mpaka lilainike, vile vifuko vya ndani vipasuke. Sogeza vyuma hadi sm 1, bila kugusana ndani. Badala ya waya tumia bamba la shaba lenye upana wa sm 2, na bamba la zinki likipatikana. Eneo linalogusa maji likiongezeka, mkondo nao unapanda.

Njia yenye nafuu zaidi ni kukamua. Mimina ml 20 za maji ya limau kwenye kila kikombe kidogo, chumvi nusu kijiko cha chai, halafu ning'iniza vyuma ndani. Malimau machache yanajaza vikombe vingi, na kipimo kinalingana kwa kila kundi, jambo ambalo tunda zima haliwezi.

zinki_30
Kwa vikombe hivyo unapata jaribio la kweli: badilisha kitu kimoja tu kila mara. Kundi moja libadilishe umbali (sm 1, 2, 4), jingine kina cha bamba, jingine chumvi, na wote wapime kwa rezista ileile ya omu 1000, sekunde 30 baada ya kuunganisha. Volti bila mzigo hazitabadilika sana. Za kwenye rezista ndizo zitakazoachana.

Kiazi pia kinafaa, na kikichemshwa hutoa mkondo zaidi kuliko kibichi kwa sababu seli hai za kiazi zimepasuka.

Maji na matunda yaliyotumika yatupwe, yasionjwe. Yana zinki iliyoyeyuka.