Chapa za kabuki: nitamtambuaje mwigizaji asiyeandikwa jina?

Wino_Mweusi: Wadau, nina picha ya chapa ya mbao ya Kijapani. Mwanamume kavaa joho la kahawia-nyekundu lenye mikono mipana mno, na kwenye mikono hiyo kuna miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Uso mweupe una michirizi myekundu. Jina la mwigizaji halipo. Ni nani, na michirizi ina maana gani?

Mchonga_Ubao: Mhusika ni Kamakura Gongorō, shujaa wa Shibaraku, mchezo wa kabuki (maigizo ya jadi ya Kijapani). Thibitisha kwa karatasi nyeupe zilizosimama pande mbili za kichwa, ishara ya nguvu, na upanga mrefu kupita kiasi. Michirizi ni kumadori, upakaji rangi usoni wa kabuki: nyekundu ni ujasiri na hasira ya mtu wa haki, buluu ni mwovu au mzuka, kahawia ni pepo. Miraba ni mimasu, nembo ya ukoo wa Ichikawa Danjūrō. Danjūrō wa kwanza (1660–1704) ndiye aliyeanzisha aragoto, uigizaji huu wa kishujaa, mjini Edo (Tokyo ya leo).

Karani_wa_Edo: Sawa, lakini nembo inakufikisha kwenye ukoo tu, maana jina hurithiwa. Soma mihuri ya wakaguzi wa serikali walioidhinisha chapa. Muhuri wa kiwame (“imekaguliwa”) peke yake: kabla ya 1842. Mihuri miwili ya majina ya wakaguzi: 1847 hadi 1852. Ukiongezwa na muhuri wa tarehe, ni 1852 au 1853. Kukosekana kwa jina nako ni dalili: chapa za waigizaji zilipigwa marufuku 1842, na hata ziliporudi, kwa miaka kadhaa wachoraji waliacha majina, wakategemea sura na nembo.

Rangi_Asilia: Usiamini sana rangi. Zambarau ya zamani, mchanganyiko wa rangi nyekundu ya maua na buluu ya mimea, hupauka kwenye mwanga ikawa kijivu au hudhurungi. Kwa mfano, kitambaa cha kichwani cha Sukeroku, shujaa mwingine wa kabuki, ni zambarau. Kikipauka, angalia fundo: lake liko upande wake wa kulia, la mhusika mgonjwa huwa kushoto. Ndugu wa Soga, wahusika wawili maarufu wa kabuki, watambue kwa mapambo ya nguo, vipepeo kwa Gorō na ndege wa pwani kwa Jūrō.

Wino_Mweusi: Mihuri ni miwili, bila tarehe. Saini ni Toyokuni.

Karani_wa_Edo: Basi mchoraji ni Kunisada, aliyeanza kutumia jina hilo 1844. Aliyekuwa Danjūrō wakati huo ni wa nane (1823–1854). Ila baba yake, wa saba, naye alikuwa hai na ana nembo hiyohiyo, kwa hiyo linganisha nyuso: baba ana macho makubwa yaliyotokeza, mwana ana uso mrefu mwembamba.