Kwa nini saa za kwenda na kurudi hazilingani kati ya Tokyo na Los Angeles?

Msafiri Mpya:
Naomba ufafanuzi kwa anayefahamu mambo ya usafiri wa anga. Umbali wa Tokyo hadi Los Angeles hutajwa kuwa takriban kilomita 8,800, na ndege kubwa za abiria huruka kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa, hivyo nilitarajia saa kumi hivi kila upande. Ratiba inaonyesha karibu saa 10 kwenda na karibu 12 kurudi. Isitoshe, ndege inayoondoka Tokyo saa 11 jioni inafika Los Angeles saa 4 asubuhi ya siku ile ile! Je, ni kosa la uchapaji?

Mzee wa Ratiba:
Si kosa, ndugu. Tiketi huandika saa za mji husika, na wakati wa baridi Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa saa 17. Ukiruka saa 10 kuanzia saa 11 jioni, Tokyo itakuwa saa 9 usiku. Punguza 17, unapata saa 4 asubuhi ya tarehe uliyoondokea. Wakati wa kurudi deni hilo hulipwa: ukiondoka saa 6 mchana Jumatatu, utatua jioni ya Jumanne.

Mpenda Hali ya Hewa:
Tofauti ya zile saa mbili inatokana na upepo. Juu ya Pasifiki ya kaskazini, katika kimo kile kile ambacho ndege husafiria, upo mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao wakati wa baridi juu ya Japani huweza kupita kilomita 300 kwa saa. Mjapani Wasaburo Oishi aliupima kwa maputo katika miaka ya 1920, akachapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na ni wachache mno waliomsoma. Anayekwenda Marekani husukumwa na upepo huo. Anayerudi huenda mbisho. Tazama skrini iliyo mbele ya kiti chako: kasi ya ndege ikilinganishwa na ardhi huweza kupita kilomita 1,000 kwa saa wakati wa kwenda, ilhali injini hazijaongezewa nguvu.

Msafiri Mpya:
Nashukuru. Lakini kwenye ramani njia imepinda sana kuelekea kaskazini. Kwa nini wasinyooke tu?

Mchora Ramani:
Kinachopinda ni ramani, kwa sababu dunia ni tufe. Miji hiyo miwili iko karibu na latitudo 35 kaskazini, na ukiifuata latitudo hiyo utasafiri kama kilomita 9,300, ilhali njia fupi kabisa hupanda hadi karibu nyuzi 48. Hata hivyo, waendao mashariki mara nyingi huiacha njia hiyo fupi ili waudandie upepo, kwa kuwa kinachobanwa ni muda na mafuta, si kilomita. Muda wa ratiba pia hujumuisha mwendo wa ardhini kabla ya kupaa na baada ya kutua, kwa hiyo usishangae ukifika mapema kuliko ilivyoandikwa.