Naomba ushauri: Utafiti wa utalii unaoanza na mhudumu badala ya mgeni

Ndugu wanachama, hamjambo. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Kisumu, na utafiti wangu unahusu wahudumu wa kike katika hoteli za mjini pamoja na wanawake wanaokaanga samaki ufuoni Dunga, ambako wageni huja kupanda mashua na kutazama viboko. Msimamizi wangu anapendekeza nigawe dodoso kwa wageni ili nipime kuridhika kwao kwa alama 1 hadi 5. Sipingi takwimu, lakini naona swali hilo linamfaa mwenye hoteli, huku anayesimama kutwa nzima akitabasamu akiachwa nje ya utafiti. Mwaka 1983 mwanasosholojia Mmarekani, Arlie Hochschild, alionyesha kupitia wahudumu wa ndege kwamba tabasamu lenyewe ni kazi inayouzwa, nami ningependa kulipima wazo hilo hapa ziwani.

Kwanza, nitateteaje mbele ya jopo mahojiano ya kina na watu 15 tu? La pili, ambalo linaninyima usingizi, ni usalama wa watakaozungumza nami. Niliwahi kuwa mhudumu kwa miaka minne, kwa hiyo wananiamini. Lakini hoteli ninazolenga ni tatu tu, na hata nikibadilisha majina, meneja anaweza kumtambua mtu kwa zamu yake. Fomu ya ridhaa haitoshi kumkinga asifutwe kazi. Aliyewahi kuandika juu ya mahali padogo namna hii, tafadhali anieleze aliyaficha yapi na aliyaacha yapi.