Kufunga turbo kwenye IST ya injini ya 1NZ: itavumilia safari za Tabora–Kigoma?

AsaliMbichi
Habari za jioni, wakuu. Ninaomba ushauri kwa wanaozifahamu injini, kwa sababu fundi wangu ananiharakisha na mimi sitaki kufanya jambo nitakalolijutia nikiwa porini kati ya Kaliua na Uvinza.

Ninamiliki Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE na giaboksi ya otomatiki. Kila baada ya wiki mbili ninapakia ndoo kumi za asali, zile za lita 20, na kuzipeleka Kigoma. Tangu masika yaliyopita gari limekuwa zito. Nikitaka kulipita lori ninakanyaga hadi mwisho, injini inanguruma, mshale wa mizunguko unafika elfu nne kisha unajivuta, na mimi ninarudi nyuma ya lori kuendelea kunusa moshi wake. Fundi anayo turbo iliyotolewa kwenye Subaru ya lita mbili, na anasema kwa shilingi milioni 1.6 ataifunga kwa siku mbili "bila kugusa kitu kingine". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonitia shaka.

Spana14
Ndugu AsaliMbichi, shaka yako ina msingi. Kuifunga turbo yenyewe ndiyo kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye hivyo ambavyo fundi wako anasema hatavigusa.

Turbo ni feni mbili ndogo zilizo kwenye shafti moja: ya kwanza inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, ya pili inavuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiongezeka, petroli nayo lazima iongezeke, tena zaidi kidogo, maana injini inayoshindiliwa hewa huhitaji mchanganyiko mzito: badala ya sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, wanaoifahamu kazi hii huishusha hadi karibu 12. Nozeli za IST zilipimwa kwa injini isiyo na turbo, na kontroo boksi yake, yaani kompyuta ya injini, haina hesabu za kiasi hicho cha hewa. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, joto hupanda, petroli hulipuka yenyewe wakati usio wake, na pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda.

Kisha kuna uwiano wa mgandamizo, yaani pistoni inabana hewa mara ngapi; ukiwa mkubwa, ukiongeza turbo mlipuko huo unakaribia zaidi. Injini yako ina 10.5 kwa 1, wakati 4E-FTE ya Starlet GT, ambayo ilizaliwa na turbo, iko kati ya 8 na 8.5. General Motors walilionja tatizo hili mapema. Oldsmobile Jetfire yao ya mwaka 1962, miongoni mwa magari madogo ya kwanza kuuzwa na turbo, ilikuwa na uwiano wa 10.25, na ili injini isijilipue iliwabidi waweke tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ya kupoza hewa inayoingia. Wamiliki wengi hawakulijaza, na gari hilo halikutengenezwa tena baada ya 1963. Wewe ukifika Uvinza utapata chumvi, methanoli sidhani.

Kuhusu turbo ya lita mbili kwenye injini ya lita moja na nusu: itachelewa kuamka, halafu nguvu itakuja kwa mkupuo, na mkupuo huo unaangukia magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayokokota gari na ndiyo yanayoliongoza. Ukikanyaga, uzito unahamia nyuma. Ndoo ya lita 20 ya asali ina kilo 28 hivi, si 20 kama ya maji, kwa hiyo tayari una kilo 280 nyuma ya mgongo wako. Tairi za mbele zitapoteza mshiko na usukani utavutwa upande mmoja wakati uko sambamba na lori, mahali pabaya kuliko pote pa kugombana na usukani. Giaboksi ya gia nne nayo haikuundwa kwa mateso hayo.

Jambo moja zaidi. Mwaka jana gari hilo hilo, bila turbo, lilikuwa linapita malori. Kwa nini usitafute kwanza kilichopotea? Pima mgandamizo wa silinda zote nne, angalia filta ya hewa, plagi, koili, na masega ya kwenye ekzosi, kile kisafisha moshi chenye vitundu vingi.

Dereva_wa_Ujiji
Nilifanya kosa hilo kwenye Starlet ya kawaida ya 4E-FE, kwa hiyo ninaongea kama aliyeungua. Turbo hulainishwa kwa oili ya injini, na oili ikishapita hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa kuteremka tu. Fundi wangu alililaza bomba la kurudishia kwa sababu nafasi ilikuwa finyu. Oili ikarudi nyuma, ikapenya kwenye sili, na mtaa mzima ukavuta moshi wa bluu. Tulirekebisha hilo. Baada ya wiki chache nilifungua plagi ya silinda ya tatu na kukuta chembe zinazong'aa, ndogo kuliko chumvi laini, zimeganda kwenye kaure nyeupe. Nilizifuta kwa kitambaa nikairudisha plagi. Ilikuwa alumini ya pistoni. Nikiwa ninapanda kutoka Kigoma kuelekea Kasulu, kingo ya kushikilia ringi ikakatika na injini ikanoki.

Baadaye nilinunua injini iliyozaliwa na turbo, pamoja na kontroo boksi, waya na giaboksi yake. Usisahau kwamba kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo ukibadilisha injini nayo lazima irekebishwe, na kampuni ya bima iarifiwe.

Mita1200
Ninaomba nitofautiane kidogo na Spana14. Toyota wenyewe, kupitia TRD, tawi lao la magari ya mashindano, waliuza Vitz RS yenye 1NZ iliyofungwa turbo na kutoa nguvu za farasi 150. Isitoshe, Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12, kwa hiyo farasi 109 wa kwenye vitabu wanabaki 95 hivi kabla hujapakia ndoo hata moja. Turbo ndogo yenye shinikizo la bar 0.3, ikiwa na intakula ya kupoza hewa, nozeli kubwa na kontroo boksi iliyopangwa upya na mtu mwenye vipimo, ingewarudisha hao na kuongeza wengine. Sikubali kwamba 1NZ haifungiki turbo. Ninachokubali ni kwamba haifungiki kwa milioni 1.6 na siku mbili.

Spana14
Hapo sina ubishi, ila Vitz hiyo ilikuwa na gia za mkono na haikubeba asali.

AsaliMbichi
Wakuu, ninarudisha majibu. Nilikwenda kwa fundi mwingine. Mgandamizo wa silinda nne ulikaribiana. Filta ilikuwa imejaa vumbi, lakini hilo lilikuwa dogo. Alifungua sensa ya kwanza ya oksijeni, akafunga geji ya shinikizo mahali pake na kuniambia nikanyage. Mshale ulipanda na kukataa kushuka, maana moshi haukuwa na pa kutokea. Tulipokata ekzosi tulikuta nusu ya vitundu vya masega vimeyeyuka na kuwa donge moja la kijivu. Chanzo kilikuwa koili ya silinda ya pili: ilikuwa inakosa kuwasha mara kwa mara, na petroli isiyoungua ilikwenda kuungulia huko mbele. Nimebadilisha koili, plagi, filta na masega, kwa gharama isiyofika nusu ya bei ya ile turbo.

Jumamosi nilipakia ndoo kumi na kulipita lori la kwanza kabla ya Malagarasi. Kazi iliyobaki ni kumweleza mke wangu, aliyeiona risiti, kwa nini muuza asali amekwenda kununua masega dukani.